Kuliponya Jino Pasipo Kuling'oa

Ni wachache kati yetu wasiopata kulijua jino liumalo usiku. Mchana lavumilika, lakini mtu alazapo kichwa, ndipo laanza kupwita, hata kukapambazuka hajafumba jicho. Siku ya nne maumivu yakatoweka ghafula, naye akamshukuru Mungu, akarudi kazini. Habari zetu za leo ni za mtu huyo aliyedhani kwamba amepona.

Jino si jiwe tupu. Nje lina gamba gumu kuliko mfupa wo wote, ndani pana tabaka isiyo ngumu kama hilo, na katikati kabisa pana chumba chenye kiini, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, ishukayo kwa mifereji myembamba mpaka ncha ya mzizi. Jino la mbele aghalabu lina mfereji mmoja. Gego la chini mara nyingi lina mitatu. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, nayo hulitoboa gamba. Vikifika penye kiini, kiini huvimba. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Lakini kiini kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo sababu ya maumivu yale.

Basi jino kama hilo linyamazapo, mara nyingi si kwamba limepona, bali kiini kimekufa. Vijidudu vyaendelea na kazi yao kimya kimya, hata vikatokea kwenye ncha ya mzizi na kufanya usaha katika mfupa wa taya. Hapa twaonya kwa nguvu: uvimbe ukipanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, au mgonjwa akishindwa kumeza au kupumua, asingoje asubuhi, aende hospitali saa ile ile, kwani ugonjwa huo waweza kuua.

Wengi wetu humwambia daktari, "Ling'oe tu." Twawaelewa, maana kung'oa ni upesi na gharama yake ni ndogo. Lakini jino la mtu mzima likiondoka halioti tena, na kiini kikifa, mzizi waweza kubaki imara katika taya miaka mingi. Daktari hutia ganzi, akalitoboa jino, akakitoa kiini kwa vijisindano vyenye makali kama tupa. Hupima urefu wa mzizi, mara nyingi kwa picha ya eksirei, huosha mifereji kwa dawa ya kuua vijidudu, huikausha, kisha huijaza gutapacha, utomvu wa miti ya nchi za Malaya.

Bibi zetu wa pwani hutia karafuu katika jino bovu, na vijana huwacheka. Wasicheke. Mafuta ya karafuu hutuliza kweli, na dawa iliyomo ndani yake huchanganywa na unga wa zinki kufanya saruji ambayo madaktari wengi wameitumia kushikiza gutapacha. Ila karafuu peke yake haifiki chini ya mzizi.

Wako pia waogopao kwamba jino lililokufa likiachwa kinywani hueneza maradhi mwilini. Mwaka wa 1910 tabibu Mwingereza, William Hunter, alihutubu mjini Montreal juu ya usaha wa kinywani, na kwa miaka mingi baadaye meno mengi yaling'olewa bure kwa hofu hiyo. Uchunguzi uliofuata haukuona kwamba jino lililotibiwa vema lina madhara hayo.

Si kila jino laokoka. Lililopasuka mpaka mzizini hapana budi kung'olewa. Na gego lililotibiwa huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo msilitafunie mifupa wala bisi mpaka daktari amelivika kofia yake.