Ngozi na Kiini cha Chuma: Uigaji wa Kompyuta na Istilahi za Ufuaji katika Muktadha wa Arua na Koboko

1. Utangulizi
Kabla ya majembe ya viwandani kuenea West Nile, Walugbara na Waaluri walipata zana za chuma kwa wahunzi Wakebu. Hata leo, mhunzi wa Arua au Koboko anayefua jembe kutokana na springi chakavu ya gari hupima joto kwa rangi: wekundu hafifu, kisha rangi ya chungwa, kisha manjano. Hata hivyo, rangi huonekana juu tu, kiini hakionekani. Makala haya yanaeleza namna uigaji wa kompyuta unavyoshughulikia tatizo hilo, na msamiati ambao Kiswahili kinao kwa kazi hiyo.

2. Joto linavyoingia
Upashaji joto kwa indaksheni unategemea ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831. Mkondo geu ukipita katika koili, uga wa sumaku unaobadilika huzusha mikondo ya umeme ndani ya chuma, na ukinzani wa chuma huigeuza kuwa joto. Mikondo hiyo hujikusanya karibu na uso. Feleji ikifika nyuzi 770 hivi za Selsiasi hupoteza usumaku, na mikondo hupenya zaidi: takriban milimita 17 kwa mizunguko 1,000 kwa sekunde, lakini milimita 5 hadi 6 kwa mizunguko 10,000. Kwa hiyo kiini cha nondo yenye kipenyo cha milimita 60 hupata joto lake hasa kutoka kwenye ngozi. Makaa huivisha chuma polepole. Koili huharakisha, na ngozi huweza kuungua kabla kiini hakijalainika.

3. Kazi ya uigaji
Programu huigawa nondo katika vipande vidogo, hukokotoa usumaku na joto la kila kipande, kisha hurudia, kwa kuwa sifa za chuma hubadilika kadiri kinavyopata moto. Ramani ya joto inayopatikana hupelekwa katika hatua ya ufuaji, ambayo kwa feleji huanza kwa kawaida kati ya nyuzi 1,100 na 1,250. Hapo hukadiriwa nguvu ya nyundo, mtiririko wa chuma ndani ya kalibu, na mahali panapoweza kupasuka. Matokeo hayo lazima yathibitishwe kwa vipimo vya chuma halisi.

4. Istilahi
Kiswahili hutofautisha kufua na kusubu: kinachofuliwa hubaki kigumu japo laini, kinachosubiwa huyeyushwa kwanza. Tafsiri inayosema chuma “huyeyushwa” kabla ya kufuliwa humpotosha mwanafunzi. Kitenzi kufua kimezaa pia fuawe, nomino inayofaa kuhifadhiwa.

5. Hitimisho
Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Inapendekezwa kwamba ngozi, kiini, kuiva na kalibu zitumike katika mafunzo ya ufundi, ili mhunzi na mhandisi wazungumzie chuma kilekile kwa maneno yaleyale.