Makumbusho na Sisi (Sehemu ya 3): Mtoto wa Unguja Aliyeimba Rock

Juma lililopita nilieleza jinsi magofu ya Gede yanavyotunzwa. Leo nahamia makumbusho ya mtu mmoja: Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Yapo Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, na yalifunguliwa Novemba 2019. Vijana wa Watamu niliofuatana nao walizijua nyimbo zake. Kwamba ni mzaliwa wa Unguja, wengi hawakujua.

Alizaliwa Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na baba alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni. Akiwa na miaka kama minane alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko akapiga piano katika bendi ya wanafunzi, The Hectics. Alirudi Unguja 1963. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ilihamia Uingereza, na Queen ikaundwa London 1970.

Picha za jukwaani vijana walizipita upesi. Walikosimama ni kwenye picha za utotoni, na hapo binti mmoja akaniuliza, “Mwalimu, mbona wanamuziki wetu hawana nyumba kama hii?”

Ameuliza haki. Muziki wa bango tunaoucheza harusini una baba yake, Mzee Joseph Ngala wa Frere Town. “Jambo Bwana,” wanayoimbiwa watalii wa Watamu kila uchao, ilitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, ikatoka 1982, kisha Boney M wakaiimba Ulaya. Waimbaji wangapi wa hotelini wanalijua jina hilo?

Unguja nayo ilichelewa. Mercury alifariki Novemba 24, 1991. Makumbusho yakaja miaka 28 baadaye, na mwaka 2023 vitu vyake vingi vikapigwa mnada London. Kumbukumbu isiyokusanywa mapema hutawanyika, na kuirudisha ni gharama.

Nawaomba Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Kaunti ya Kilifi watenge chumba Malindi kwa wanamuziki wa pwani. Nawe msomaji, ukiwa na santuri, picha au gitaa la mzee wako, usilitupe wala usiliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Andika jina la mwenyewe, ulihifadhi.