UONEVU WA MTANDAONI KWA VIJANA: MAELEZO KWA WAZAZI NA WATUMISHI

Zamani mwanafunzi wa Kilimatinde, wilayani Manyoni, aliyechekwa shuleni alipata nafuu afikapo nyumbani. Siku hizi dhihaka humfuata kwa simu hadi kitandani. Ifahamike kwamba kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, itumikayo Bara na Zanzibar, kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia uchungu wa moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au zote mbili. Mzazi asiharakishe kufuta ujumbe huo, kwani ndio ushahidi. Wala asimnyang'anye simu mtoto aliyeonewa, maana mara nyingine atanyamaza. Huduma ya Simu kwa Mtoto hupatikana bila malipo kwa namba 116.