Umeshusha gari, shokapu nazo umebadili?

MASHABIKI wanaosafiri na timu mikoani wapo wa aina mbili. Kuna wanaopanda mabasi ya matawi na ngoma zao, halafu kuna washkaji wanaochangishana mafuta, wanajibana watano kwenye Toyota Altezza, bendera dirishani, wanaondoka Dar usiku ili mchana wawe Uwanja wa Sokoine, Mbeya.

Hiyo Altezza mara nyingi imelala. Mwenyewe kaifunga springi fupi, rimu zimejaa vizuri kwenye madigadi, ikipita mtaani shingo zinageuka. Hapo hakuna ubaya wowote. Shida ni kwamba wengi wanabadili springi tu, shokapu wanaziacha zilezile zilizokuja na gari kutoka Japani. Na gari hilo lilitengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, kwa hiyo hata lile la mwisho kutoka kiwandani si kijana tena.

Ukiwa mjini utasema gari liko fresh tu. Subiri ufike kwenye matuta ya Hifadhi ya Mikumi mkiwa watano na mabegi nyuma, halafu uanze kupanda kona za Kitonga. Hapo ndipo utajua kama una gari au una pambo.

SPRINGI NA BEKI WAKE

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi. Ukipita kwenye tuta springi inabanwa, kisha inataka kufyatuka. Ndani ya shokapu kuna oili inayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo, na hiyo ndiyo inayokata ile nguvu mpaka gari litulie.

Ni kama kocha anayeamua kupandisha mabeki hadi karibu na mstari wa kati. Mfumo mzuri, lakini unataka beki mwenye mbio za kurudi. Ukimwacha mkongwe aliyezoea kukaa ndani ya boksi, kila mpira mrefu ni presha kwa kipa. Springi fupi ndiyo mfumo mpya, shokapu ndiyo beki.

Ukishusha gari, vitu viwili vinabadilika kwa mpigo. Kwanza, springi za kushushia kwa kawaida ni ngumu kuliko za kiwandani, hivyo zinafyatuka kwa nguvu zaidi na shokapu ya kawaida inazidiwa. Gari linaendelea kudunda, tairi linagusa lami kwa kuruka ruka, na tairi lisilogusa lami halifungi breki.

Pili, nafasi ya kubonyea inapungua. Tuchukulie gurudumu lilikuwa na milimita 70 za kupanda kabla ya kugonga kile kiraba cha kuzuia kilichopo kwenye fimbo ya shokapu. Shusha gari milimita 40, unabakiwa na 30. Pakia watu watano, zinapungua tena. Kinachofuata kila tuta ni "du!" Wengi wakisikia hivyo wanalaumu springi kuwa ngumu, kumbe gari limeshamaliza springi na sasa linakalia raba.

PIMA KABLA YA KULIPA

Kosa kubwa dukani ni kutaja jina la gari tu. Muuzaji atakupa shokapu ya Altezza, na kweli itafunga, ila ni ya Altezza iliyosimama kwa urefu wa kiwandani.

Chukua futi, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa digadi, kona zote nne, gari likiwa sehemu tambarare. Linganisha na gari la aina hiyohiyo ambalo halijaguswa. Hapo unajua limeshuka kiasi gani.

Kama ni milimita 20 hivi, shokapu mpya nzuri ya urefu wa kawaida inaweza kuvumilia, ingawa iliyo ngumu kidogo ni bora. Ukivuka 30, tafuta zile fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyoshushwa. Karatasi ya springi ikitoa maelekezo tofauti, fuata karatasi.

Taja pia namba ya chesi, maana SXE10 na GXE10 zote ni Altezza. Na kumbuka nje ya Japani gari hili liliuzwa kama Lexus IS 200, hivyo usikomee kwenye jina moja unapotafuta.

WACHEZAJI WALIOPO SOKONI

Bilstein wa Ujerumani wana B4 ya kurudishia hali ya kiwandani, B6 iliyo ngumu zaidi kwa gari la urefu wa kawaida, na B8 ambayo ni fupi kwa gari lililoshushwa. B6 na B8 zote ni za njano, kwa hiyo rangi isikudanganye. Soma namba kwenye boksi.

KYB wa Japani, ambao mafundi wanawaita Kayaba, wana Excel-G inayofuata viwango vya kiwandani. Wana pia New SR Special, iliyotengenezwa ikifikiria watu wa springi za kushushia.

KONI wa Uholanzi, zile Sport za njano, zinakuruhusu kurekebisha ugumu wa springi inapoachia. Ukizipata, usikaze hadi mwisho kwa mbwembwe. Ukipita kwenye rasta mfululizo springi haitapata muda wa kurudi, na gari litazidi kuzama hadi likalie raba. Anza na ugumu wa chini, panda kidogo kidogo, kushoto na kulia sawasawa.

Wanaonunua zilizotumika, angalieni fimbo. Ikiwa na kutu au michubuko itachana sili na oili itavuja. Kama ni shokapu ya gesi, ibonyeze chini halafu uiachie. Inatakiwa ipande yenyewe taratibu. Ikibaki chini, gesi imekwisha, mrudishie mwenyewe.

Na ile tabia ya kubonyeza boneti kwa mikono halafu unasema "shokapu nzima hizi" haisaidii kwenye gari la springi ngumu. Halibonyei vya kutosha kukuambia kitu.

SIKU YA KUFUNGA

Badilisha kwa jozi, mbili za mbele au mbili za nyuma. Raba za kuzuia na maunti zilizochoka zisirudishwe kwenye shokapu mpya. Ni sawa na kumsajili straika halafu unampa viatu vilivyotoboka.

Bolti zinazopita kwenye bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Fundi akizikaza gari likiwa juu ya jeki, bushi inajipinda siku gari linaposhushwa, na haidumu.

Kabla hajamaliza, gari linyanyuliwe tena magurudumu yaning'inie. Shika springi uitikise. Ikicheza kwenye kiti chake, shokapu ni ndefu mno kwa springi hiyo, na siku ukiruka tuta inaweza kuhama. Hapo ndipo wanapoumia wanaokata springi kwa grainda. Baada ya hapo nenda kapime alaimenti na urekebishe taa, kwa sababu gari lililoshuka haliangazi pale lilipokuwa linaangaza.

Mtu akikwambia shokapu ni mambo ya wenye hela, mwambie springi ndiyo anasa, shokapu ni sehemu ya breki. Kama mfukoni kuna hela ya kimoja tu, acha springi kwanza, nunua shokapu. Gari likae juu msimu huu. Msimbazi na Jangwani zitacheza Mbeya tena msimu ujao, na zitawahitaji wote watano jukwaani.