Ndengu: Usitupe Ganda, Usiharakishe Chai

Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 uliziachia familia nyingi za wafugaji funzo chungu. Mvua ilikosekana kwa misimu 5 mfululizo, mifugo wakafa, na waliosalia wakakauka maziwa. Mtoto aliyezoea kikombe cha maziwa kila asubuhi akabaki na uji mtupu. Ndiyo maana toleo hili linaangazia chakula kisichohitaji malisho wala friji, na ambacho mkaazi wa Isiolo anaweza kukipata sokoni kwa kilo au kwa gorogoro: ndengu.

Ndengu hustahimili maeneo yenye mvua chache na hukomaa kwa takriban miezi 2 hadi 3. Zikikaushwa vyema na kuwekwa mahali pakavu, hukaa muda mrefu bila kuharibika.

Ndani ya punje kuna nini?

Gramu 100 za ndengu kavu zina takriban gramu 24 za protini, ambayo hujenga mwili na kurekebisha misuli. Zina pia gramu 16 hivi za nyuzinyuzi, zinazosaidia choo na kumfanya mtu ashibe kwa muda mrefu, pamoja na miligramu 6 hadi 7 za madini ya chuma, yanayohitajika kutengeneza damu.

Kirutubisho kingine ni foleti, mojawapo ya vitamini za kundi B. Foleti husaidia kuunda ubongo na uti wa mgongo wa mtoto katika wiki za kwanza za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Kikombe kimoja cha ndengu zilizopikwa kina karibu nusu ya foleti ambayo mama mjamzito anahitaji kwa siku.

Kazi ya lile ganda la kijani

Mwili unapotumia chakula kupata nguvu, hutokea molekuli zisizotulia ambazo zikizidi huharibu seli. Antioksidanti ni viambato vinavyozituliza molekuli hizo. Katika ndengu, viambato hivyo ni pamoja na viteksini na isoviteksini, na sehemu kubwa yavyo imo kwenye ganda. Anayekoboa ndengu au kuchuja ganda na kulitupa hupoteza sehemu hiyo, pamoja na nyuzinyuzi nyingi.

Hata hivyo, tusidanganyike. Kinachoonekana katika maabara si sawa na tiba. Ndengu haziponyi kisukari wala saratani, na hakuna anayepaswa kuacha dawa alizoandikiwa na daktari kwa sababu ya chakula.

Chuma kimo, lakini mwili unakipata?

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza faida. Chuma kilicho katika mimea hakifyonzwi kwa urahisi kama kile cha nyama. Ndengu zina kiambato kiitwacho fiteti, kinachokishikilia chuma kisiingie mwilini. Tena, majani ya chai yana tanini, ambayo pia hukizuia. Kwa hivyo sahani ya ndengu ikifuatwa papo hapo na kikombe cha chai, chuma kingi hupita tu. Kwa mama mjamzito au mtoto mwenye upungufu wa damu, hasara hiyo si ndogo.

Fanya yafuatayo:

1. Loweka ndengu usiku kucha kabla ya kupika. Fiteti hupungua, ndengu huiva haraka, na makaa au kuni huokolewa. Maji ya kulowekea yanaweza kupewa mbuzi.

2. Zioteshe ukiweza. Baada ya kuloweka, zichuje, zifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu, na uzisuuze kwa maji safi mara 2 au 3 kwa siku hadi zichipue. Kuchipua hupunguza fiteti na kuongeza vitamini C. Zipike vizuri kabla ya kuwapa watoto na akina mama wajawazito, kwa kuwa bakteria huweza kukua katika unyevu huo.

3. Usitie magadi ili kuzilainisha. Magadi huharibu vitamini B1.

4. Kula ndengu pamoja na ndimu, chungwa, embe au nyanya mbichi. Vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Vipande vichache vya nyama, hata nyirinyiri, husaidia pia.

5. Subiri angalau saa moja baada ya kula ndipo unywe chai.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, zipondeponde hadi ziwe laini, na uendelee kumnyonyesha. Kabla ya umri huo, maziwa ya mama pekee yanatosha.

Akina mama wajawazito wanakumbushwa kwamba ndengu hazichukui nafasi ya tembe za chuma na foliki wanazopewa kliniki. Mtoto akikonda, akivimba miguu au akipauka viganja, usingoje. Mwone mhudumu wa afya ya jamii ampime mkono kwa utepe, au umpeleke moja kwa moja katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.