Je, Wajua? Mzigo wa Kiyoyozi

Mtu aliyekaa tu ofisini hutoa joto la takriban wati 120. Wafanyakazi 10, kila mmoja na kompyuta ya wati 100, wanafikisha kilowati 2.2, yaani kama BTU 7,500 kwa saa. Jua bado halijahesabiwa, na kiyoyozi cha BTU 9,000 kimeshabanwa.

Shinyanga mjini jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 11 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba. Saa sita mchana kuta hazipati joto kubwa. Bati ndilo linalobeba mzigo, hadi kilowati 1 kwa kila mita ya mraba. Saa kumi jioni ni zamu ya madirisha ya magharibi. Pazia la ndani husaidia kiasi tu, maana joto limeshavuka kioo. Afadhali kivuli cha nje, hata cha mwarobaini.

Na mgodini? Bulyanhulu, wilayani Kahama, umechimbwa zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Hewa kavu ikishushwa kina hicho huongezeka joto nyuzi kama 10 kwa kugandamizwa tu, kabla ya mwamba na injini za dizeli kuongeza la kwao.