Milo Rau: Kutoka Sosholojia hadi Mahakama ya Jukwaani

Kati ya kesi tatu zilizosikilizwa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwishoni mwa Mei 2015 mbele ya majaji waliokusanywa na mtunzi wa tamthilia, moja ilihusu mauaji ya Mutarule, katika bonde la Ruzizi, kaskazini ya mji wa Uvira. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu wasiopungua 30 waliuawa huko, wengi wao wakiwa katika ibada ya nje, ilhali jeshi la taifa na walinda amani wa Umoja wa Mataifa hawakuwa mbali. Aliyeitisha kikao hicho, Milo Rau, hakuwa mwanasheria.

Rau alizaliwa Bern, Uswisi, mwaka 1977. Alisomea sosholojia na fasihi Paris, Zurich na Berlin, na Pierre Bourdieu alikuwa mmoja wa walimu wake. Mwaka 2007 alianzisha kampuni yake ya kutengeneza tamthilia na filamu, akaanza kwa kurudia jukwaani mambo yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2009 aliigiza upya kesi iliyompeleka rais Ceausescu wa Romania kwenye kifo. Mwaka 2011 akatoa Hate Radio, iliyojenga upya studio ya redio RTLM ya Kigali, Rwanda, mwaka wa mauaji ya kimbari, 1994. Watazamaji huvaa visikilizio na kusikia watangazaji wakichangamka, wakipiga muziki na kutaniana, huku wakichochea mauaji. Uchangamfu huo ndio unaotisha kuliko kelele zozote.

Baada ya hapo, badala ya kuigiza kesi za zamani tu, akaanza kuandaa mpya. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kufunguliwa na Mfaransa Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa aliyeandika tamthilia na hadithi za filamu. Mwaka 1967 Sartre aliongoza mahakama iliyoanzishwa na Bertrand Russell kuchunguza vita vya Marekani nchini Vietnam, mahakama isiyo na polisi wala gereza.

Rau aliipeleka njia hiyo Bukavu, ambako vikao vilifanyika katika shule ya sekondari ya Alfajiri. Jean-Louis Gilissen, wakili Mbelgiji mwenye uzoefu wa mahakama ya The Hague, aliongoza. Sylvestre Bisimwa, wakili wa Bukavu, aliongoza uchunguzi. Hapakuwa na mwigizaji wala maneno ya kukariri: mchimbaji, mwanajeshi, mpinzani na kiongozi wa serikali kila mmoja alijisemea mwenyewe. Kesi nyingine mbili zilihusu madini. Moja ilikuwa ya Twangiza, ambako kampuni ya Kanada, Banro, ilichimba dhahabu na wakazi wakahamishiwa Cinjira mlimani. Nyingine ilikuwa ya kasiterite, mawe yenye bati, ya Bisie, eneo la Walikale. Mwezi uliofuata kikao kilihamia Berlin, kuuliza juu ya wajibu wa Ulaya na wa kampuni za nje.

Hukumu haikumfunga mtu, na hapo ndipo wakosoaji walipoikamata: mwathirika wa Mutarule alirudi nyumbani bila fidia. Hoja hiyo ina uzito. Lakini viongozi waliozoea kutoulizwa waliulizwa hadharani, kamera ikiwaka. Baada ya vikao, mawaziri wawili wa Kivu ya Kusini, wa madini na wa mambo ya ndani, walipoteza vyeo vyao.

Filamu ya vikao hivyo ilitoka mwaka 2017. Mwaka uliofuata Rau akawa mkurugenzi wa ukumbi wa NTGent, Ubelgiji, akatangaza masharti ya kazi: kila msimu walau tamthilia moja ifanyiwe mazoezi au ionyeshwe mahali penye vita, na walau waigizaji wawili wasiwe wa kitaaluma. Orestes in Mosul, ya mwaka 2019, ilitokana na sharti la kwanza. Mwaka 2020 alitoa filamu ya Yesu iliyochezwa na wafanyakazi wahamiaji wa mashambani Italia kusini, na Desemba mwaka huohuo mahakama yake ya jukwaani ya Kongo ikafungua vikao vipya Kolwezi, safari hii juu ya kobalti na shaba. Tangu 2023 anaongoza tamasha la Wiener Festwochen, Vienna.